Mashauri ya Ulevi Barabarani: Namna ya Kuyapata Mahakamani na Kuzifahamu Hukumu Zake

Barabara kuu itokayo Nairobi huteremkia Bonde la Ufa, hupita Naivasha, Gilgil na Nakuru, kisha hupanda Salgaa na Sachang'wan kuelekea Mau Summit. Ni wachache katika nchi hiyo wasiomjua mtu aliyeumia au kufa juu yake. Yapasa isemwe tangu mwanzo ya kwamba si kila msiba wa barabarani huletwa na pombe. Ule moto wa Sachang'wan wa tarehe 31 Januari 2009, ulioua watu zaidi ya 100, ulitokea watu walipokuwa wakichota mafuta yaliyomwagika kutoka katika lori. Hata hivyo mashauri ya madereva walioshtakiwa kwa ulevi hayaishi mahakamani, na habari zake hupotoka upesi. Huyu husema kesi ilizimwa, yule husema dereva amefungwa miaka mingi, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyelitazama jalada.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1954 na ambayo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kifungu cha 44 hukataza mtu kuendesha gari, kujaribu kuliendesha, au kuwa na gari chini ya mamlaka yake barabarani au mahali pa watu wote, hali amelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulitawala sawasawa. Maneno hayo yafaa kusomwa polepole. Kwanza, gari si lazima liwe linakwenda; mtu aweza kushtakiwa lingali limesimama nje ya baa. Pili, kunywa si sawa na kulewa kwa namna isemwayo na kifungu hicho, maana upande wa mashtaka sharti uonyeshe ya kuwa dereva hakuweza kulitawala gari lake.

Jambo hilo la pili ndilo lililoleta mabishano makubwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliwapa polisi kipimo cha pumzi, kile ambacho watu hukiita alkoblo, zikaweka mpaka wa mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni hizo zilikwenda kinyume cha sheria iliyozizaa, kwa kuwa kuupita mpaka wa kipimo peke yake si jambo lile lile kama kushindwa kulitawala gari. Kipimo chenyewe kilirudishwa barabarani mwishoni mwa mwaka 2023. Ndiyo sababu asomaye jalada yampasa atazame kwanza hati ya mashtaka imetaja kifungu gani, kabla ya kutazama tarakimu za kipimo.

Wengine huchanganya shauri la namna hii na ile iitwayo Sheria ya Mututho ya 2010, iliyopewa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha. Hiyo huhusu vileo na saa za kuviuza. Dereva aliyekunywa katika saa zilizo halali hapati kinga yoyote kwa hilo mbele ya kifungu cha 44.

Shauri husikizwa na hakimu, na kwa kawaida hupelekwa katika mahakama ya eneo ambalo kosa lilitendeka, wala si ya nyumbani kwa dereva. Mtu wa Njoro aliyekamatwa karibu na Naivasha asitafutwe Nakuru. Aliyekamatwa upande wa Mau Summit huenda alifikishwa Molo. Katiba ya 2010 yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama ifuatayo ikiwa saa hizo zimeishia wakati milango imefungwa. Kwa hiyo anayeijua siku ya kukamatwa aweza kuikisia siku ya kusomwa mashtaka, isipokuwa polisi walimwachilia mtu kwa dhamana aje siku nyingine.

Afikapo masijala, karani atamwuliza namba ya shauri. Mashauri haya huandikwa kwa namba na mwaka. Asiye na namba alete tarehe, namba ya gari, kituo cha polisi, na jina kamili la mshtakiwa. Jina peke yake halitoshi. Wako akina Kamau na akina Koech wengi, na karani aliyeandika Cheruiyot leo huenda kesho akaandika Cheruyot. Namba ya OB iliyotolewa kituoni husaidia kuliko jina. Mfumo wa kupeleka mashauri kwa njia ya intaneti ulienezwa katika mahakama zote za nchi mwezi wa Machi 2024, lakini mashauri ya miaka ya nyuma yangali katika karatasi. Kenya Law nayo huchapisha bure katika mtandao wake hukumu, hasa za Mahakama Kuu na za mahakama zilizo juu yake. Basi shauri lililoishia kwa hakimu mara nyingi halimo, na kutolikuta humo si dalili ya kuwa limezimwa.

Aliyeshtakiwa ana haki, kwa Ibara ya 50 ya Katiba, kupata nakala ya kumbukumbu za shauri lake katika muda wa kiasi baada ya kumalizika, kwa kulipa ada iliyowekwa. Mtu mwingine, kama vile jamaa wa aliyeumizwa, kwa kawaida huandika barua kwa msimamizi wa mahakama akieleza sababu yake. Nakala ya barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Ukurasa wenye uzito kuliko zote katika jalada ni ule wa jibu la mshtakiwa. Wako madereva wa matatu na wa malori ambao hukiri asubuhi ile ile ili walipe faini na kurudi kazini, wakidhani wamejiokolea muda. Yawapasa kujua ya kwamba Kanuni ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, kifungu cha 348, humfungia aliyekiri mlango wa rufani. Aweza kulalamika tu juu ya uzito au uhalali wa adhabu. Kwa ajili hiyo kukiri kuna utaratibu wake, uliowekwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika shauri la Adan la mwaka 1973. Mashtaka husomwa kwa lugha ambayo mshtakiwa aifahamu, na jibu lake huandikwa, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka hueleza habari ya kosa, na mshtakiwa huulizwa kama ni kweli. Akiipinga, au akaongeza jambo lionyeshalo kwamba hana hatia, kule kukiri hufutwa na kuandikwa kuwa amekana. Ikiwa jalada la mzee ajuaye Kikalenjin tu halionyeshi lugha iliyotumika wala habari iliyosomwa, hapo pana jambo la kumpelekea wakili.

Hukumu yenyewe huandikwa kwa maneno machache, nayo husomwa vibaya mara nyingi. Palipoandikwa "faini ya shilingi 40,000 au kifungo cha miezi 6", ile miezi 6 si adhabu ya pili. Ni badala ya fedha zisipolipwa. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu, pasipokuwa na agizo jingine la sheria, kimeweka mpaka: kwa faini izidiyo shilingi 15,000 bila kupita 50,000, kifungo cha badala hakizidi miezi 6, na ikipita 50,000 hakizidi miezi 12. Mambo huwa mengine kabisa ikiwa pahali pa "au" pameandikwa "na". Kosa la kifungu cha 44 laweza kuleta faini, kifungo, au vyote viwili, na pamoja na hayo dereva huzuiwa kuwa na leseni kwa miezi 12. Kwa mtu alaye kwa usukani, miezi hiyo yaweza kuwa mizito kuliko faini. Mtu akifa, mashtaka yaweza kuwa ya kifungu cha 46, ambacho adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 10.

Rufani kutoka kwa hakimu hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 14 tangu hukumu. Siku hizo zikipita kwa sababu mtu hakupewa nakala ya hukumu na kumbukumbu kwa wakati ufaao, ingawa aliziomba, sheria yaagiza rufani yake ipokelewe. Hapo ndipo ile barua yenye muhuri hutolewa.

Wenye haja ya jalada si madereva peke yao. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi chasema kwamba hukumu ya hatia, muda wa rufani ukiisha, ni uthibitisho usiopingika ya kuwa aliyehukumiwa alitenda kosa lile. Aliyeumizwa akidai fidia katika shauri la madai, nakala hiyo humpunguzia kazi kubwa ya kuita mashahidi upya. Lakini asingoje shauri la jinai liishe ndipo afungue lake, kwani muda wake wa kudai ni miaka 3, nao huhesabiwa tangu siku alipoumizwa, si tangu siku dereva alipohukumiwa.