Boti ya zamani ya familia: mambo ya kuangalia mbele ya kununua na kutengeneza

Kwa wakaaji wa Kolwezi, ziwa Nzilo ni la kila siku: samaki wa soko, matembezi ya siku ya Mungu, umeme wa viwanda. Lakini ziwa hili halikuzaliwa lenyewe. Ni kampani ya Union Minière du Haut-Katanga iliyofunga mto Lualaba kwenye korongo la Nzilo, na kazi ya barrage ikamalizika mwaka 1952. Wabelgiji waliliita ziwa Delcommune. Centrale yake ina nguvu ya megawati 108, na hata leo inalisha migodi.

Maji makubwa yakiwa karibu na mji, boti zilifuata. Wavuvi waliingia na mitumbwi yao, na wakubwa wa kampani na boti ndogo za moteri, za kutembeza familia. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na Serikali na ikazaliwa kampani ile watu wanaijua leo kwa jina la Gécamines. Wenye boti wengi walienda kwao. Boti nyingine zilikatwa, nyingine zikauzwa, nyingine zikabaki nyuma ya nyumba chini ya mwembe.

Siku boti ya namna hiyo inatolewa kwa kuuza, wanunuzi wanakuwa wa aina mbili. Mmoja anaipima kwa kilo, juu anataka mitraille. Mwingine anaona mbele: boti ya kubeba samaki, kutembeza wageni, au kuvusha watu wa nyumba. Huyu wa pili ndiye anahitaji kujua mambo mengi, sababu akikosea hapotezi feza tu. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kufika port ya Kituku, Goma, watu wakiiona toka nchi kavu. Makumi ya watu walikufa. Ilikuwa imebeba watu kupita kipimo. Boti ikionekana nzuri kwa macho haitoshi.

Boti zimekwisha kupita hapa toka zamani

Kutengeneza na kubeba boti katika eneo hili si jambo la jana. Mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walileta boti mbili za moteri kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa treni mpaka Fungurume, maana wakati ule reli ilikuwa inaishia kule. Majina yake yalikuwa Mimi na Toutou. Kila moja ilikuwa ya mbao, yenye urefu wa karibu metre 12. Toka Fungurume zilivutwa kwa mashini za mvuke na ngombe kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, kisha reli mpaka Bukama, kisha mto Lualaba mpaka Kabalo, kisha reli tena mpaka ziwa Tanganyika. Mwezi wa 12 mwaka ule ule ziliteka boti ya Wajerumani iliyoitwa Kingani.

Meli nyingine ya ziwa lile inafundisha zaidi juu ya kutengeneza. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaileta Kigoma vipande vipande, na kuipa jina Graf von Goetzen. Mwaka 1916, mbele ya kukimbia, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza walipaka moteri zake grese nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliinyanyua toka chini ya maji, na mwaka 1927 ilianza tena kazi kwa jina la Liemba. Miaka karibu nane chini ya maji, na moteri zilipona. Chuma kilichopakwa mafuta kinangoja. Kile kilichoachwa hivi hivi kwenye mvua na jua hakingoji.

Angalia mwili kwanza, moteri nyuma

Wanunuzi wengi wanakimbilia moteri. Ni kinyume. Moteri inaweza kubadilishwa kwa siku moja. Mwili wa boti ukiwa umeoza, ni kujenga boti ingine.

*Boti ya mbao.* Mnunuzi achukue kisu chenye ncha na kukichoma polepole pale maji yanapokaa: chini kabisa ndani, kwenye pembe, karibu na vise na misumari. Mbao nzima inakataa kisu, iliyooza inaingia sawa mkate. Mbao mbili tatu mbaya zinabadilishwa. Lakini kama uti wa chini, ule mti mrefu unaobeba boti yote, umeoza, afazali kuacha. Kwa kubadilisha, fundi atafute mti mgumu uliokaushwa vizuri, sawa mulombwa. Triplex ya kawaida ya dari haifai: gundi yake inaachana kwenye maji.

Kuna kosa moja linaloua boti za mbao. Boti iliyokaa inchi kavu miaka mingi, mbao zake zimenywea na kuacha nafasi kati yao. Fundi asiyejua anajaza nafasi zile na dawa inayokuwa ngumu sawa jiwe. Boti ikiingia majini, mbao zinanywa maji na kuvimba, lakini hazina tena pa kwenda, zinasukumana mpaka zinapasuka ao misumari inang'oka. Kwenye nafasi zile panatakiwa kitu kinacholegea, na mbao zenyewe zirudishiwe maji polepole kwa siku kazaa mbele ya kuitumia.

*Boti ya fibre.* Hapa kazi ni ya masikio. Kugonga mwili wote na kitu kidogo kigumu: mahali pazima panalia kavu, mahali palipoachana panalia sawa sanduku la kartoni. Kisha kutembea ndani na miguu mitupu. Sakafu ikicheza, triplex ya chini imeoza. Zaidi ya yote, kuangalia ubao wa nyuma unaobeba moteri. Moteri ikisukumwa kwa mikono juu na chini na ubao ule unacheza, boti haiendi majini mpaka ubao ubadilishwe. Moteri imekwisha kuanguka ziwani sababu ya ubao ule.

*Boti ya alumini.* Inapendwa juu ni nyepesi na haiozi. Lakini ina adui mmoja, na katika Lualaba adui huyu amejaa kila mahali: shaba.

Shaba na alumini hazikai nyumba moja

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, zinakuwa sawa pile ya torchi. Kunazaliwa umeme mdogo, na metali ile zaifu inaanza kuliwa. Kati ya shaba na alumini, inayoliwa ni alumini. Kipande cha waya wa shaba kilichoanguka chini ya sakafu na kukaa kwenye maji kinaweza kutoboa boti, na mwenye boti haoni kitu mpaka maji yanaingia.

Kwa hiyo, kwenye boti ya alumini, hakuna kutia robine ya shaba, vise ya shaba, wala rangi ya chini yenye shaba ndani, ile ya kuzuia majani na konokono. Kama lazima kutumia vise, iwe ya inox, na kati yake na alumini patiwe kipande cha plastiki ao kaoutchou.

Dawa nyingine ni kuipa maji chakula kingine. Wanafunga kwenye boti kipande cha metali zaifu zaidi, inaitwa anode, ili iliwe yenyewe na boti ipone. Kwenye bahari wanatumia zinki. Kwenye maji matamu, sawa ya Nzilo, zinki inafunikwa na ngozi na kuacha kazi. Magnesium ndiyo inafaa. Anode isipakwe rangi, maana ikipakwa haiwezi kuliwa tena. Ikibaki nusu, inabadilishwa.

Kwenye boti ya mbao mambo yanageuka: misumari ya shaba ni mizuri sana, na ni ile ya chuma cha kawaida ndiyo inaota kutu na kuozesha mbao kuizunguka.

Moteri: usivute kamba kwa nguvu

Moteri iliyolala miaka, kosa la kwanza ni kuvuta kamba siku ile ile. Pistoni zikiwa zimekauka, zinakwaruza chuma. Kwanza kutoa buji, kumwaga mafuta kidogo ndani ya tundu, kuacha usiku mzima, kisha kuzungusha polepole kwa mkono. Ikizunguka, kupima nguvu ya kila pistoni kwa manometre. Namba zikikaribiana, kuna tumaini. Moja ikiwa chini sana kuliko zingine, muuzaji ateremshe bei, ao mnunuzi atafute nyingine.

Mbele ya kuwasha, vitu vitatu. Kaoutchou ya pompi ya maji inabadilishwa hata kama inaonekana nzima, juu ndiyo inapoza moteri. Carburateur inafunguliwa na kusafishwa, sababu esanse ya zamani inaacha gundi. Mafuta ya mguu wa moteri yanamwagwa na kuangaliwa: yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na joint zimekufa. Moteri ikiwaka, kuangalia kama inakojoa maji kwa nyuma. Ikikosa kukojoa, kuzima palepale.

Moteri nyingi za nyuma za zamani zinakunywa esanse iliyochanganywa na mafuta. Kipimo cha 50 kwa 1 maana yake litre 10 za esanse na mililitre 200 za mafuta. Lakini moteri za miaka ya 50 na 60 zinaomba mafuta zaidi, nyingine 24 kwa 1, sawa mililitre 400 na kitu kwa litre 10. Kipimo cha kweli ni kile kilichoandikwa na waliotengeneza moteri.

Jambo moja wanunuzi wa hapa wanalisahau: mwinuko. Kolwezi iko juu kwa karibu metre 1 400. Hewa ni nyepesi, na moteri inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila metre 300. Moteri ya farasi 40 inatoa hapa kama 35. Si ugonjwa. Ikichoka na mzigo, elisi yenye mapanga yasiyolala sana inasaidia kuliko kufungua moteri bure.

Na jina la moteri lina maana. Moteri za Evinrude ziliacha kutengenezwa mwaka 2020, kwa hiyo vipande vitakuwa haba zaidi kila mwaka. Moteri ambayo vipande vyake vinapatikana Lubumbashi ao Kolwezi ni bora kuliko nzuri zaidi isiyokuwa na vipande.

Rangi ya zamani si vumbi tu

Rangi nyingi za zamani zina risasi ndani. Kuikwangua kavu kunatoa vumbi linaloingia kwenye damu, na watoto ndio wanaumia zaidi, kwenye ubongo. Kazi ifanywe na karatasi ya maji, rangi ikiwa imelowa, fundi akiwa amefunika pua na mdomo, mbali na jikoni na mahali watoto wanachezea. Takataka zikusanywe, zisimwagwe ziwani.

Karatasi na hesabu

Boti iliyokuwa ya kampani inaweza kuwa bado mali ya kampani. Muuzaji aonyeshe namna ilivyofika kwake, na mauzo yaandikwe, na mashahidi watie sahihi. Kisha iko kazi ya komiseri wa mito na maziwa: boti inaandikishwa, inachunguzwa, na mwenyewe anapata ruhusa ya kusafiri.

Kwa feza, bei ya boti ni mlango tu. Mbele ya kulipa, mnunuzi aandike kwenye karatasi moja: boti, kuibeba, mbao ao fibre, moteri na vipande, rangi, fundi, karatasi za Serikali, jile za kuokoa. Mara nyingi jumla inapita bei ya boti, na ndiyo maana mtu anauziwa rahisi na kulia nyuma.

Watu wangapi?

Kwa boti ndogo isiyopita metre 6, kuna hesabu nyepesi inayotumiwa Marekani. Zidisha urefu kwa upana kwa metre, kisha zidisha kwa 0,7. Boti ya metre 5 kwa 1,80 inatoa 9. Mara 0,7 ni 6 na kitu. Ni watu sita, na dereva ni mmoja wao. Gunia la unga linahesabiwa sawa mtu, na siku ya mawimbi hesabu inashuka.

Kila mtu na jile yake, imevaliwa, si imekaliwa. Mwaka 2019, kisha ajali ingine kubwa ya ziwa Kivu, Rais Tshisekedi aliamuru jile ziwe lazima kwa wasafiri. Jile ya mtoto iwe ya kipimo cha mtoto.

Mara ya kwanza majini, boti iingie bila familia, karibu na kando, saa za asubuhi, na watu wawili wanaojua kuogelea, kamba, kopo la kutoa maji na kasia. Ikae saa nzima imefungwa, wenyewe wakiangalia wapi maji yanaingia. Kisha mzunguko mfupi. Kwenye ziwa la barrage maji yanapanda na kushuka, na kisiki kilichokuwa chini jana kinaweza kuwa karibu na elisi leo. Wakati wa mvua, wingu jeusi likionekana, ni kurudi. Watoto watapanda kisha boti kumaliza majuma mawili bila kuongeza maji ndani.