Watoto na Barabara (2): Faini ndogo isiyokwepeka

Wiki iliyopita tuliona jinsi mwendo unavyoamua uhai. Kwenye lami kavu, gari la kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 hivi. La kilomita 50 huhitaji mita zipatazo 28. Mtoto akichomoka mita 15 mbele, dereva wa kwanza ameshasimama, wa pili ndiyo kwanza anagusa breki.

Leo tutazame New York, Marekani. Sheria ya jimbo ya 2013 iliruhusu jiji kufunga kamera kwenye maeneo ya shule 20. Mwaka uliofuata yakawa 140. Rada hupima mwendo, na gari likizidisha kikomo kwa zaidi ya kilomita 16 kwa saa, kamera hupiga picha ya namba zake. Mtaalamu huihakiki, kisha mwenye gari hutumiwa faini ya dola 50. Leseni haiguswi.

Dola 50 si adhabu kali kwa mtu wa New York. Nguvu yake ni kwamba haikwepeki. Kwetu dereva akimulikiwa taa na mwenzake hujua mbele kuna tochi: anapunguza mwendo, anampita trafiki kwa adabu, kisha anakanyaga mafuta, pengine mbele ya lango la shule. Amemwogopa askari, mtoto hakumfikiria. Kamera haichoki wala haibembelezwi. Takwimu za jiji hilo zinaonyesha kuwa penye kamera, uendeshaji wa kasi ulipungua kwa zaidi ya asilimia 70.

Hata hivyo, kamera ni mtoto wa sheria. Julai 2018 muda wa sheria ile uliisha bila kuongezwa, kamera nyingi zikazimwa. Wazazi waliofiwa na watoto barabarani wakapaza sauti, na gavana na baraza la jiji wakazirudisha kabla shule hazijafunguliwa. Mwaka 2019 maeneo yakaruhusiwa kufika 750, na tangu Agosti 2022 zinafanya kazi usiku na mchana, siku zote saba.

Funzo ni hili: mtoto halindwi na ukubwa wa faini, hulindwa na hakika ya kukamatwa. Tukifunga kamera, tuanzie kwenye shule zilizo kando ya barabara kuu, na sheria yake isiwe ya kuisha muda. Nawe dereva, uonapo sare za shule kando ya barabara, punguza mwendo, hata kama hakuna anayekutazama.

Wiki ijayo: matuta na vivuko.