Kuonjeshana Kazini: Somo la Bakuli la Karanga

Mama mwenzetu, ikifika saa nne asubuhi ofisini kwenu mnakunywaje chai? Je, kila mtu hubaki mezani kwake na andazi lake la kununua, au mnakusanyika pamoja?

Sisi akina mama wa ofisi moja hapa Hombolo, kilomita 40 hivi kutoka Dodoma mjini, tunayo desturi ya kuonjeshana. Anayepika kitu kizuri nyumbani hukumbuka wenzake, akafunga kidogo kwenye chombo chenye mfuniko na kuja nacho kazini. Desturi hii imetupa furaha nyingi. Siku moja pia ilitutia aibu. Tumeona yafaa tuwasimulie yote mawili.

Kila mtu na ladha ya kwao

Hombolo ni mahali pa wenyeji na wageni. Wapo Wagogo wenye ardhi yao, na wapo watumishi waliohamishwa kutoka mikoa mbalimbali kuja kufanya kazi shuleni, katika huduma za afya, katika kituo cha utafiti wa kilimo na katika Chuo cha Serikali za Mitaa. Kwa hiyo meza yetu ya chai ni kama ramani ya nchi. Mwenzetu wa Tanga hutuletea vitumbua na visheti. Wa Bukoba akirudi likizo hutuletea senene waliokaangwa, na baadhi yetu tulifumba macho siku ya kwanza kuwaonja! Wenyeji huleta karanga, ubuyu na zabibu, maana mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka.

Faida yake tumeiona. Binti anayeripoti kazini kwa mara ya kwanza, hana ndugu wala jirani anayemfahamu, akikaribishwa kitumbua siku hiyo hiyo hujua kwamba amepata dada. Nao waliokwaruzana juu ya zamu au likizo huona ugumu kuendelea kununiana huku wakipokezana sahani.

Siku tuliyoona aibu

Ofisini kwetu yuko mama mhudumu, mtu mzima kutuzidi sote. Ndiye anayefagia, anayechemsha chai na kuosha vikombe. Kila tulipofungua vyombo vyetu tulimpa fungu lake, naye alipokea kwa mikono miwili. Yeye hakuwahi kuleta kitu, nasi hatukumdai.

Asubuhi moja, baada ya mavuno, alikuja na bakuli la karanga za kukaanga, amelifunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Akaliweka katikati ya meza akasema, "Karibuni wanangu. Za shambani kwangu hizi."

Tulishukuru. Kisha mmoja wetu akasema ameshiba. Mwingine akalalamikia jino. Wa tatu akachota kidogo, akazifunga kwenye karatasi, eti atakula baadaye. Muda wa chai ulipokwisha, bakuli lilikuwa karibu limejaa kama lilivyokuja. Mama akalifunika taratibu kwa kitambaa chake, akarudi jikoni bila kusema neno.

Sababu tuliijua sote, ingawa hakuna aliyeitamka. Kwa miaka mingi Hombolo palikuwa na kituo cha kuwatunza wagonjwa wa ukoma, kilichoendeshwa na Kanisa la Anglikana. Wazazi wa mama huyu waliletwa hapo kutibiwa, wakabaki, wakalima, wakazaa. Yeye mwenyewe hajawahi kuugua. Lakini watu hawajaacha kumtaja kwa ugonjwa wa wazazi wake, nasi tulikuwa tumeyasikia.

Mdogo kuliko sote ndiye aliyetufumbua macho. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Jamani dada zangu, hii chai tunayokunywa kila siku, huwa anaipika nani?"

Hakuna aliyejibu. Chai ilipikwa kwa mikono ile ile. Vikombe vilioshwa kwa mikono ile ile. Tulivikubali kwa kuwa alikuwa akitutumikia. Siku alipotaka kutukaribisha kama mwenzetu, tulimkatalia.

Tulivyomwendea

Hatukuitisha kikao, maana kosa la namna hii likijadiliwa mbele ya watu humwaibisha zaidi aliyekosewa. Kesho yake mkubwa wetu aliwahi kufika, akamfuata jikoni. Akamwambia, "Shikamoo mama. Jana tulikukosea. Zile karanga zimebaki?"

Mama alikaa kimya kwa muda, akikoleza moto. Kisha akasema, "Marahaba. Zimebaki, mwanangu. Shibe za namna ile nimezizoea."

Maneno hayo yalituchoma kuliko kama angetugombeza. Saa nne bakuli likarudi mezani, na safari hii mama mwenyewe akavutiwa kiti. Tulikula mpaka tukaona chini ya bakuli.

Tuogope kinachostahili kuogopwa

Hebu tuseme ukweli kuhusu ukoma, maana wengi wetu tuna watoto wanaotusikiliza. Ugonjwa huu husababishwa na vijidudu, wala si laana. Hauenei kwa kula pamoja, kupeana mikono wala kukaa benchi moja. Mtu huweza kuambukizwa akiishi karibu sana na kwa muda mrefu na mgonjwa ambaye hajatibiwa, na hata hivyo walio wengi hawaugui. Dawa zake zipo, na tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani limehakikisha zinatolewa bure. Mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena. Mwenye baka lisilo na hisia kwenye ngozi asijifiche, awahi hospitali, kwani matibabu ya mapema huzuia ulemavu.

Kwenye karanga, kitu cha kuogopa ni kingine, nacho ni sumukuvu. Hii ni sumu itokayo kwenye kuvu wanaoota katika karanga au mahindi yasiyokaushwa vizuri. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga au kupika hakuimalizi. Basi, aliyetufundisha kujikinga ni mama yule yule. Yeye hukausha karanga zake juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na huhifadhi mahali pakavu penye hewa. Kabla ya kukaanga huzimwaga kwenye ungo na kuondoa moja moja zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Wala hampi kuku alizoziondoa; huzitupa. Tuligundua kwamba karanga tulizozikataa ndizo zilizokuwa safi kuliko zote tulizowahi kuleta!

Mambo ya kukumbuka

Ukitaka kuanzisha desturi hii kazini kwako, yafaa uzingatie haya:

- Watoto wako wapate kwanza. Si vizuri kuwapunguzia wanao ili usifiwe ofisini.
- Msishindane. Keki ya leo isimfanye mwenye viazi vya kuchemsha aone haya kesho. Msiweke zamu za lazima, wala msihesabu nani hajaleta.
- Ulizia hali za wenzako. Yupo mwenye kisukari, na yupo ambaye karanga humdhuru. Asiyeweza kula kwa sababu ya afya aseme wazi, ili mleta chakula asidhani amedharauliwa.
- Wenzetu wanapofunga, Ramadhani au Kwaresima, usiwafungulie sahani usoni. Wafungie fungu lao waende nalo nyumbani.
- Nawa mikono, funika chakula, na usilete kile ambacho usingempa mwanao.

Kashata za karanga

Hizi ndizo tunazozipenda siku hizi. Utahitaji karanga vikombe 2, sukari kikombe 1, maji robo kikombe, hiliki ya unga nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo sana.

Chagua karanga, zikaange kwa moto mdogo, zipoe, kisha pukusa maganda na uzitwange kiasi, zisiwe unga. Chemsha sukari na maji mpaka shira iwe nzito na ianze kubadilika rangi. Tia hiliki, chumvi na karanga, ukoroge upesi. Mimina kwenye sinia uliyoipaka mafuta, tandaza kwa unene wa sentimita 1 hivi, na ukate vipande kabla haijapoa, kwani ikipoa itavunjika ovyo.

Unapozikata, mama mwenzetu, fikiria wale utakaowapelekea. Kisha fikiria pia yule ambaye hajawahi kuleta kitu mezani kwenu. Huenda si mchoyo wala si maskini. Huenda anajiuliza kama akileta, mtakula.