Kabla ya mwenye nyumba kumwambia mnunuzi "ndiyo"

Dalali akipiga simu na kusema amepata mteja, na mteja ana arbuni mkononi siku hiyo hiyo, wenye nyumba wengi hawaulizi zaidi ya bei. Pesa hupokelewa sebuleni, karatasi iliyoandikwa kwa mkono ikatiwa saini, na kufikia jioni mtaa mzima unajua nyumba imeuzwa. Wiki mbili baadaye anakuja mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi, au mtoto aliye Ughaibuni anasema hakuulizwa, au wakili wa mnunuzi anadai stakabadhi ambazo hazipo. Wakati huo ile arbuni imeshalipa karo.

Kukubali ofa ndiko hatua ambapo muuzaji hupoteza au hulinda haki zake. Mambo mengi yanayofuata, yakiwemo ya ofisi za kaunti, hurahisika au hukwama kutegemea alikubali nini siku hiyo.

Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3(3), inasema mkataba wa kuuza ardhi au nyumba iliyo juu yake hauwezi kudaiwa mahakamani isipokuwa umeandikwa, umetiwa saini na pande zote, na kila saini imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo. Kwa hivyo "ndiyo" ya simu au ya WhatsApp peke yake haimfungi mtu. Tatizo ni ile karatasi ya sebuleni. Ikiwa imetaja nyumba, bei na majina ya pande zote, na imeshuhudiwa, inaweza kuhesabiwa kuwa mkataba hata kama muuzaji aliichukulia kama risiti tu. Ndiyo maana mawakili huandika juu ya barua ya ofa kwamba haimfungi yeyote mpaka mkataba wa mauzo utakapotiwa saini. Maneno hayo machache yanastahili kutafutwa kabla ya kalamu kushikwa, na yasipokuwapo, yaongezwe.

Bei kubwa si lazima iwe ofa bora

Tuseme familia ya Tudor inauza nyumba yenye hatimiliki na imepata ofa tatu. Wa kwanza anatoa Sh9.5 milioni, lakini anataka kulipa kwa awamu kwa miezi 18 na kukabidhiwa funguo sasa. Wa pili anatoa Sh9.2 milioni kwa mkopo wa benki. Wa tatu anatoa Sh8.7 milioni, asilimia 10 akitia saini mkataba na salio ndani ya siku 90.

Ofa ya kwanza ndiyo inayovutia macho na ndiyo yenye hatari kuliko zote. Mnunuzi akishaingia na kuanza kupaka rangi, kumtoa ni kazi ya mahakama. Tena mahakama za Kenya, ikiwemo Mahakama ya Rufaa katika uamuzi wa 2014, zimewahi kumlinda mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa mahali hata pale ambapo taratibu za kisheria hazikukamilika. Familia inaweza kujikuta haina nyumba wala pesa kamili, huku awamu zikija kwa kusuasua.

Ofa ya mkopo ni ya kawaida na wala si mbaya, mradi muuzaji aelewe inavyokwenda. Kwa kawaida benki haitoi pesa kabla nyumba haijahamishwa kwa jina la mnunuzi na dhamana ya mkopo kusajiliwa. Muuzaji huachilia hatimiliki akitegemea ahadi ya maandishi ya wakili wa benki kwamba salio litalipwa, mara nyingi ndani ya siku 14 baada ya usajili. Ahadi hiyo ina nguvu, lakini iwe mkononi kabla hatimiliki haijatoka. Vilevile aulize kama benki imeidhinisha mkopo tayari au mnunuzi anatarajia tu kuidhinishiwa. Na mkataba useme waziwazi kitakachofanyika mkopo ukikataliwa.

Ofa ya tatu ni ndogo kwa Sh800,000 kuliko ya kwanza. Lakini kwa familia inayohitaji pesa hizo kununua kwingine kabla ya mwaka wa shule kuanza, huenda hiyo ndiyo ofa.

Asilimia 10 ya Sh8.7 milioni ni Sh870,000. Katika mauzo yanayosimamiwa na mawakili, pesa hizo hukaa kwa wakili wa muuzaji kama amana ya pande zote mbili mpaka mauzo yakamilike. Muuzaji akivunja mkataba, atazirudisha, na mnunuzi anaweza kuiomba mahakama imlazimishe kuuza. Mnunuzi akishindwa kulipa, hupewa ilani, ambayo kwa masharti ya kawaida ya Chama cha Mawakili ni siku 21, kabla ya kupoteza amana yake. Arbuni iliyokwisha kutumika humfunga muuzaji kuliko karatasi yoyote, kwa sababu hata akigundua amekosea hana cha kurudisha.

Kuna ombi jingine la kukataa mara moja. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4 na mashambani asilimia 2, na wapo wanaotaka bei ndogo iandikwe ili ushuru upungue. Serikali ina wathamini wake, kwa hivyo ujanja huo mara nyingi haufui dafu. Na kesi ikizuka, muuzaji atakuwa ameshika mkataba unaosema aliuza kwa Sh5 milioni.

Nani ana haki ya kukubali

Jina moja kwenye hatimiliki halimaanishi mwamuzi ni mmoja. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inataka idhini ya mume na mke kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa, na mawakili huitaka idhini hiyo kwa maandishi. Ni heri mazungumzo ya nyumbani yatangulie ya dalali.

Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa kuwa ndiye aliyebaki akiishi humo. Sheria ya Urithi inakataza kuuza ardhi au nyumba ya marehemu kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa na mahakama. Familia za Kiislamu nyingi hupeleka mirathi yao katika Mahakama ya Kadhi, na warithi wote hutajwa huko, dada walioolewa mbali wakiwemo. Nyumba iliyowekwa wakfu ni jambo jingine kabisa: familia haina mamlaka ya kuiuza.

Mkazi wa Mombasa mwenye nyumba katika shamba la kilimo huko kwao bara anahitaji pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo hilo, kinachoombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa. Bila kibali hicho mauzo ni batili na mnunuzi ana haki ya kurudishiwa pesa zake.

Nyumba bila ardhi

Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko Mombasa, wako wenye nyumba wasiomiliki ardhi iliyo chini yake. Wamejenga kwa ruhusa ya mwenye shamba na hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba hizi huuzwa na kununuliwa kama nyingine, na hapa ndipo neno moja katika mkataba linapoweza kuzaa ugomvi wa miaka.

Anayekubali ofa ya nyumba kama hiyo anauza jengo tu. Mkataba useme hivyo kwa maneno yasiyo na shaka, umtaje mwenye ardhi, na ueleze kodi ya kiwanja imelipwa hadi mwezi gani. Mnunuzi apelekwe kwa mwenye ardhi kabla pesa hazijapokewa, na kukubaliwa kwake kuandikwe. Muuzaji anayeficha jambo hili ili apate bei ya nyumba yenye hatimiliki anajitafutia mashtaka ya udanganyifu, na mnunuzi hana atakachosajili katika masjala ya ardhi.

Kitakachobaki mkononi

Kabla ya kukubali bei yoyote, muuzaji apige hesabu ya makato. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, hulipwa na muuzaji kwa KRA. Haitozwi kwenye bei nzima. Nyumba iliyonunuliwa kwa Sh2.5 milioni, ikatumia Sh1.2 milioni za uboreshaji wenye risiti, kisha ikauzwa kwa Sh8.7 milioni, ina faida ya Sh5 milioni na kodi ya Sh750,000. Asiye na risiti za fundi na simiti atalipa zaidi. Mtu aliyeishi katika nyumba yake mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha hasamehewi kwa bahati. Ni haki yake kisheria, lakini lazima aithibitishe.

Deni la benki likiwapo, ofa itoshe kulilipa ili dhamana iondolewe. Kodi ya ardhi ya kaunti nayo lazima iwe imelipwa, pamoja na adhabu za miaka ya nyuma, ndipo cheti cha kutodaiwa kitolewe. Wenye hatimiliki ya muda wanahitaji pia cheti cha kodi ya ardhi inayolipwa serikali kuu. Anayeomba taarifa ya deni lake kabla ya kutangaza nyumba hujua la kumjibu mnunuzi. Anayeiomba baada ya kutia saini huiomba huku siku 90 zikihesabika.

Uhamisho ukishasajiliwa, nakala ipelekwe katika ofisi ya kodi ya ardhi ya kaunti ili jina libadilishwe kwenye rekodi. Jina lisipobadilishwa, bili ya mwaka unaofuata itaendelea kutoka kwa jina la mwenye zamani.