Kalenda ya Omena, Gitaa la Benga

Mwanamuziki anayetaka kupiga shoo kisiwani Rusinga, katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, aulize kwanza mwezi umefika wapi. Bei ya kiingilio itafuata baadaye. Omena huvuliwa usiku wa giza: wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki hao wadogo huifuata nuru, nyavu zikavutwa. Mwezi ukipevuka, taa hazina kazi. Mashua hukaa ufuoni siku kadhaa, na vijana waliokuwa wakikesha ziwani wako Mbita, Litare na Kolunga, wana nafasi, na mauzo ya majuma yaliyopita hayajaisha mfukoni. Bendi itakayotangaza shoo wakati wa giza totoro itawapigia wahudumu wa baa na walinzi wao.

Juu ya mwezi kuna msimu. Serikali ya Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane, na katika miezi hiyo biashara ya ufuoni hunywea. Wanaovua mbuta na ngege wana mzunguko wao, lakini hawatoshi kujaza ukumbi kila wiki. Hapo ndipo bendi yenye hesabu hufanya mazoezi na kurekodi, au huhamia upande wa Migori: Awendo kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha Sony, Rongo, hata Macalder kwenye machimbo ya dhahabu, ambako pesa haina habari na omena. Agosti inarejea ziwani. Desemba haiendi popote, kwa kuwa watu wa Nairobi na Mombasa ndio wanaorudi nyumbani, na Rusinga kuna tamasha la utamaduni wa Abasuba lenye ngoma, mieleka na mashindano ya mashua.

Nimeanza na mwezi kwa makusudi. Ushauri mwingi anaopewa msanii mchanga asiye na kampuni nyuma yake huanzia kwenye simu: rekodi, pakia, sambaza, subiri. Hebu tupige hesabu. Tuseme watu 300 wamelipa shilingi 200 kila mmoja mlangoni. Hizo ni shilingi 60,000 kabla ya gharama. Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, haina bei moja kwa kila wimbo unaochezwa, lakini makadirio ya kawaida ni sehemu ndogo ya senti moja ya dola. Ukichukua theluthi moja ya senti, kuzifikia shilingi hizo unahitaji wimbo uchezwe mara zaidi ya 130,000. Tena tangu 2024, wimbo ambao haujachezwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote kwenye mtandao huo. Sisemi msanii asipakie. Apakie, ili atakayemsikia Homa Bay mjini ajue pa kumtafuta. Lakini asiite hiyo kazi, bado.

Wazee wa benga, muziki wa gitaa wa Waluo, walilijua hili kabla ya intaneti. Miaka ya 1970 santuri zilikuwa biashara kubwa. Mtayarishaji Oluoch Kanindo alizitoa kwa wingi kiasi kwamba huko Zimbabwe jina lake likageuka kuwa jina la mtindo wa muziki. Zikaja kaseti, na pamoja nazo watu wa kunakili usiku na kuuza asubuhi. Soko la santuri likaporomoka. Bendi zilizobaki hai ni zile zilizokuwa na watu wa kuzialika. D. O. Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati nchini Tanzania, aliendelea kupiga na bendi yake ya Shirati Jazz pande zote mbili za mpaka hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Hata Ayub Ogada, ambaye wengi wanamjua kwa albamu yake ya 1993 iliyotolewa na Real World ya Uingereza, aligunduliwa akipiga nyatiti, kinubi cha Waluo, kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, mbele ya wapita njia. Kila mara, mlango ulikuwa shoo.

Sasa tuje kwenye kiini, ambacho mgeni wa Nyanza hukiona akadhani ni fujo. Bendi inapiga, watu wanacheza, mara mtu mmoja ananyanyua mkono na muziki unakatwa. Anapewa kipaza sauti. Anajitaja: yeye ni nani, mwana wa nani, wa kijiji gani, anapenda nini, anamsalimu nani. Anatoa pesa. Mwimbaji anamjibu kwa sifa, gitaa linarudi, na kabla ubeti haujaisha mwingine amesimama, kwa kuwa hawezi kukubali yule wa kwanza alale na sifa peke yake. Huo ndio pakruok. Msomaji wa Pwani atakumbuka kutunza kwenye taarabu, ila kuna tofauti kubwa. Mtunzaji wa taarabu huja kwa madaha na noti yake huku wimbo ukiendelea, na ujumbe wake umo katika maneno ya mtunzi. Kwenye pakruok msikilizaji mwenyewe anaingia ndani ya wimbo.

Kwa lugha ya biashara, pakruok inatatua tatizo linalowasumbua waandaaji duniani kote: kiingilio ni kimoja, mifuko haifanani. Mpakuaji samaki alilipa shilingi 200 mlangoni, na tajiri wa mashua sita alilipa 200 hizo hizo. Pakruok inampa huyu wa pili njia ya kulipa zaidi kwa hiari yake, mbele za watu, na kurudi nyumbani akijiona amefaidi. Ndiyo maana kiingilio kikubwa ni kosa katika fukwe hizi. Kinawafukuza wachezaji, na tajiri hana sababu ya kujisifu mbele ya viti vitupu.

Lakini pesa hiyo haidondoki yenyewe. Nyimbo lazima zipangwe ziwe na mahali pa kukatika na kurudi bila kupoteza mwendo. Mpiga besi anayeduwaa kila muziki unaposimama atawagharimu. Anahitajika mshereheshaji anayezijua koo, vijiji na ugomvi wa eneo, asije akamsifu mtu mbele ya mtu asiyeongea naye. Namba ya M-Pesa iwe ya bendi, isiwe ya mwimbaji. Na liwepo daftari. Majina yaliyotajwa usiku yaandikwe, pamoja na vijiji vyao, kwa sababu hao ndio wa kupigiwa simu bendi itakaporudi, na hao ndio watakaoialika kwenye harusi na harambee. Okatch Biggy wa Heka Heka na Musa Juma wa Limpopo International walijaza nyimbo zao majina ya watu halisi, na watu hao na jamaa zao wakawa wateja wa kudumu.

Kuna upande wa uchungu. Usiku unaweza kujaa majina hadi muziki ukakosa nafasi, na mwaka wa uchaguzi mwanasiasa mmoja anaweza kuununua usiku mzima kwa bahasha moja. Mimi ningeweka mpaka: nyimbo tatu za mwanzo na mbili za mwisho hazikatwi, hata aje gavana. Wateja hunung'unika mara ya kwanza, kisha huzizoea nyimbo zenyewe, na wimbo uliozoeleka ndio unaoombwa tena.

Kazi nyingine kubwa ya bendi za hapa ni matanga. Mkesha wa kabla ya mazishi umeajiri wapiga ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, wengi kuliko baa zote zikijumlishwa, nahisi. Hata hivyo maafisa wa utawala wameipiga marufuku disko matanga mara kwa mara, kwa malalamiko ya usalama na ya wanafunzi, hasa wasichana, kukesha huko. Malalamiko hayo yana msingi. Bendi ikubali mwaliko wa familia na wa kumbukumbu ya mwaka, lakini isijenge mapato yake yote juu ya mkesha ambao chifu anaweza kuufunga kwa tarishi mmoja. Kelele nazo zina sheria: kanuni za mwaka 2009 zinataka kibali kwa muziki wa sauti ya juu, na kibali ni rahisi kuliko faini au kunyang'anywa spika.

Usafiri ni hesabu ya peke yake. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, pikapu inafika na vyombo vyote. Mfangano ni maji matupu. Jenereta na spika zinapanda mashua, na gharama hiyo inakula shoo ndogo nzima. Kwa hiyo Mfangano usiende kwa usiku mmoja. Nenda kwa shoo mbili au tatu katika fukwe tofauti, au usiende. Feri ya Mbita hadi Luanda K'Otieno nayo inaifungua Siaya kwa bendi isiyotaka kuzunguka ghuba yote kwa barabara. Ukichora ramani hiyo, bendi ndogo inaweza kujipatia vituo kumi hivi ambavyo inavizungukia mwaka mzima, kila kimoja kikisubiri wiki kadhaa kabla ya kuiona tena. Ukipiga ukumbi uleule kila Jumamosi, ukifika mwezi wa pili hakuna anayeharakisha.

Kinachoua bendi nyingi za ziwa, hata hivyo, ni mgao wa pesa. Historia ya benga ni historia ya bendi kugawanyika: mpiga solo anaondoka na nusu ya wenzake, jina linaongezwa herufi, ugomvi unaingia kwenye nyimbo. Mara nyingi chanzo ni kwamba kiongozi ndiye mwenye vyombo, pesa ya pakruok inapitia mkononi mwake, na wengine wanapewa atakachoamua alfajiri. Dawa yake ni kazi ya karatasi. Kabla ya shoo ya kwanza, waandike: vyombo vinachukua fungu gani, mafuta ya jenereta na usafiri vinatolewa kwanza au mwisho, pakruok anayotajiwa mpiga gitaa kwa jina ni yake au ya wote. Nyimbo zisajiliwe kwa majina ya waliozitunga kweli, licha ya mivutano isiyokwisha kuhusu leseni za vyama vya kukusanya mirabaha nchini Kenya. Chama kinaweza kubadilika, lakini aliyesajiliwa kuwa mtunzi atabaki na haki yake. Halafu pesa ihesabiwe mbele ya wote, usiku huohuo, kabla mtu hajapanda pikapu.