Kasha la Kompyuta na Mkono wa Fundi

Watu wengi hudhani ya kwamba kompyuta ni kitu kilichokwisha kukamilika tangu kilipotoka kiwandani, na ya kwamba kazi ya mwenye nacho ni kukitumia mpaka kiharibike, kisha akitupe. Dhana hiyo haina msingi. Kompyuta ni vyombo kadhaa vilivyokusanywa ndani ya kasha moja, na kasha hilo ni kazi ya mfua bati, kama lilivyo sanduku la bati ambalo askari hutilia nguo zake anapohamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine. Yeyote awezaye kupima, kukata, kutoboa na kupiga tupa aweza kulibadili kasha hilo lifuate haja yake. Katika makala haya twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, namna kazi hiyo ifanywavyo, faida yake na hatari zake, kwa maana hatari zake si ndogo.

Mfano mkubwa wa kazi hiyo tunao hapa hapa nchini. Ofisi ya Uganda ya UNICEF, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, ilitaka kuwapelekea vijana wa vijijini kompyuta zenye mafunzo ya afya, elimu na kazi. Kompyuta za kawaida zisingefaa. Kasha la kiwandani hufikiriwa na mtu ambaye macho yake yako kwenye ofisi yenye sakafu safi, umeme usiokatika na mtumiaji mmoja mpole. Kijijini mna vumbi, mvua, jua kali na mikono mingi. Basi wakachukuliwa mapipa ya mafuta, yale yale tunayoyaona kila siku katika karakana zetu, yakakatwa na kuchomelewa mawili mawili, ndani yake zikatiwa kompyuta zitumiazo umeme wa jua, na nje zikawekwa kibodi ngumu zisizoharibika upesi. Mwaka 2011 gazeti la Time la Marekani lililihesabu pipa hilo miongoni mwa uvumbuzi 50 bora wa mwaka ule.

Yafaa tutazame vizuri ni nini hasa kilichosifiwa. Vyombo vya ndani vilinunuliwa, kama vinunuliwavyo na kila mtu. Jambo jipya lilikuwa kasha, na kasha lile lilitokana na mapipa ambayo mafundi wetu wamekuwa wakiyakata kwa miaka mingi ili kutengeneza majiko, matangi na milango.

Wakazi wa Kampala hawana haja ya kwenda mbali kuwatafuta mafundi wa namna hiyo. Katwe, upande wa kusini wa katikati ya jiji, kwenye njia iendayo Entebbe, ni mahali panaposikika nyundo tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya mwaka 1972, wafanyabiashara wa asili ya Kiasia walipofukuzwa nchini na vipuri kutoka ng'ambo vikaadimika, watu wengi waliokuwa na mashine zilizokufa walilazimika kutegemea mikono ya mafundi wa mahali kama pale. Kutoka kambi ya polisi ya Nsambya au ya jeshi ya Makindye, safari ya kufika Katwe ni fupi, na askari apendaye kujifunza aweza kwenda siku yake ya mapumziko akatazama jinsi bati linavyopimwa, linavyokunjwa na kupigwa ribiti.

Wazee wa Buganda wana hadithi ya mhunzi aitwaye Walukaga. Mfalme alimwamuru afue mtu wa chuma awezaye kutembea, kusema na kufikiri. Walukaga, kwa shauri la mwendawazimu mmoja, akamwomba mfalme mizigo elfu ya makaa yaliyochomwa kwa nywele za watu, na mitungi mia ya machozi. Mfalme alipoona haipatikani, akaiacha amri yake. Tunaikumbuka hadithi hiyo kwa sababu fundi mwema hujua mpaka wa kazi yake. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, haifuliwi Katwe wala haifuliwi kwa mkono popote duniani. Lakini mwili wa kuubeba ubongo huo, kuulinda na kuupoza, huo wafulika.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kipimo. Sehemu zote za kompyuta hushikamana na bodi mama, yaani ubao mkuu. Bodi ya kompyuta kubwa ya mezani, ya kipimo kiitwacho ATX kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, ina sentimita 30.5 kwa 24.4. Bodi ndogo ya kipimo cha Mini-ITX, kilichobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ni mraba wa sentimita 17 kila upande. Hii ndogo ndiyo imfaayo mwanafunzi, kwani yaingia katika kasha lisilozidi ukubwa wa mkate mkubwa, na hufungwa kwa skrubu nne tu. Tundu la nyuma, panapochomekwa nyaya, lina upana wa milimita 158.75 na kimo cha milimita 44.45. Feni ya milimita 80 ina matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 71.5, na ile ya milimita 120 yameachana milimita 105. Asiyeviheshimu vipimo hivi atatoboa mara mbili, na bati lililotobolewa vibaya halizibiki kwa maneno.

Vifaa vya kazi si vingi: rula ya chuma, msumari mkali wa kuchorea, jiriwa, msumeno wa chuma, mkasi wa bati, keekee, tupa bapa na tupa ya duara, pamoja na karatasi ya msasa. Bati la kuezekea la geji 30 ni jembamba mno, nalo hulia na kutetemeka feni inapozunguka. Bati la unene wa milimita moja latosha. Mwenye kuanza asinunue bati jipya. Na atafute kasha kuukuu la kompyuta iliyokufa, ajizoeze juu yake kulipunguza na kulitoboa, kwa kuwa kosa lililofanywa juu ya kitu kilichokwisha kutupwa halimgharimu mtu chochote.

Hatua zake ni hizi. Kwanza, kasha litengenezwe kwa karatasi ngumu, lenye ukubwa ule ule uliokusudiwa, na vyombo vyote vipangwe ndani yake ili ionekane kama nyaya zitapita na kama mkono utafika penye skrubu. Pili, bodi ilazwe juu ya karatasi na matundu yake yatiwe alama kwa kalamu. Karatasi hiyo ndiyo kiolezo kitakachobandikwa juu ya bati. Tatu, kila alama ipigwe kidogo kwa msumari na nyundo, ili ncha ya keekee isiteleze. Nne, tundu kubwa, kama la feni, lizungushiwe matundu madogo madogo yanayokaribiana, kisha kipande cha katikati kitolewe na kingo zisawazishwe kwa tupa. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, lakini ndiyo njia ya mtu asiye na mashine. Tano, bodi isilale juu ya bati kamwe. Iinuliwe kwa vijiguu vifupi vya shaba vyenye hesi, kimo chake kisipungue milimita 6 na nusu, kwani mgongo wa bodi ukigusa chuma, umeme hupita njia isiyo yake na bodi huungua.

Ipo sheria moja ambayo hatuwezi kuirudia vya kutosha: vyombo vyote vitolewe nje kabla ya bati kukatwa, wala visirudishwe mpaka kasha limeoshwa na kukauka. Chembe moja ya chuma, ndogo kuliko punje ya ulezi, ikiangukia kati ya miguu miwili ya chombo cha umeme, yatosha kuiua kompyuta nzima.

Baada ya kipimo huja joto. Prosesa nyingi za siku hizi hujipunguzia kasi, na mwisho hujizima, zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kuwa hewa ya moto hupanda, njia ya kuingilia hewa iwekwe chini na ya kutokea iwekwe juu, na isiwepo kona ambamo hewa hutuama. Hapa kwetu lazima tufikirie pia vumbi jekundu. Penye kuingilia hewa pawekwe kitambaa chepesi kinachofunguka kwa vidole, ili kisafishwe mara kwa mara. Tundu lolote lisilo na kazi lizibwe, kwani mchwa, siafu na mijusi hupenda mahali penye joto na giza.

Tumesema hapo juu kwamba hatari za kazi hii si ndogo. Ya kwanza ni umeme. Umeme wa nyumbani hapa Uganda ni volti 240, nao huua. Kasha la chuma lenye kupokea umeme huo moja kwa moja ni lazima liunganishwe na waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano, mahali ambapo rangi ya kasha imekwanguliwa hadi chuma kionekane. Kile kifaa cha kugawia umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, kisifunguliwe, maana ndani yake hubaki umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa anayeanza ni afadhali bodi itumiayo adapta ya nje ya volti 12 au 19. Na mwenye kutumia betri ya jua akumbuke kuwa betri ya volti 12 yaweza kushuka hadi 11 na kupanda kupita 14 inapochajiwa. Kwa hiyo atie kidhibiti cha volti katikati.

Hatari ya pili ni moshi. Bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe ambao, ukivutwa, humletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye. Zinki iondolewe kwanza mahali pa kuchomelea, na kazi ifanywe nje penye upepo.

Hatari ya tatu ni kubwa kuliko zote, nayo yawahusu sana wale waishio karibu na maghala ya mafuta. Pipa la petroli au dizeli likimwagwa likawa tupu, hubaki na mvuke usioonekana, na cheche moja ya kuchomelea au ya mashine ya kukatia yaweza kulilipua kama bomu. Pipa tupu lina hatari kupita pipa lililojaa. Pipa likatwe na fundi mzoefu tu, ajuaye kulisafisha kabisa na kulijaza maji hadi karibu na mstari wa kukata. Twawasihi ndugu zetu wasijaribu jambo hilo nyuma ya nyumba kwa sababu tu wamesikia habari ya mapipa ya kompyuta.

Kadhalika ni wajibu wetu kukumbusha jambo la nidhamu. Kompyuta ya kituo cha polisi au ya ofisi ya kikosi ni mali ya serikali. Haitobolewi wala haifunguliwi bila idhini ya mkuu anayehusika, hata kama askari anajua kazi hiyo kuliko aliyeiuza. Sanduku la risasi, hata likiwa tupu na lenye umbo la kupendeza, si malighafi ya fundi. Askari ajifunze kwa kitu chake mwenyewe, kilicholipiwa na chenye risiti.

Huenda msomaji akauliza: taabu yote hiyo ya nini, nayo makasha ya kiwandani yapo madukani? Tunajibu kwamba anayetaka urahisi wa bei peke yake na anunue la dukani; kasha la mkono hula siku nyingi, na siku za mtu zina thamani. Faida yake ni nyingine. Aliyelikata kasha anajua jinsi ya kulifungua. Feni inapogoma usiku katika kituo kilicho mbali na mji, au vumbi linapoziba njia ya hewa, mtu huyo hangoji gari lije kutoka Kampala, wala haoni haya kushika bisibisi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ujuzi ulio mbali nao hauiponyi mashine.

Tena utumishi wa askari una mwisho. Siku hufika ambapo sare hurudishwa stoo, na mtu hurudi nyumbani akiwa na nguvu za kazi bado. Wengi hutegemea kiinua mgongo peke yake, na fedha huisha kabla ya nguvu. Katika jeshi na polisi wamo watu waliokwisha kuzoea kupima kwa usahihi, kutunza zana na kufuata hatua moja baada ya nyingine: mafundi wa silaha, wa redio na wa magari. Mazoea hayo ndiyo mtaji wa kazi tuliyoieleza. Kasha la kwanza litapinda, na la pili litakuwa na matundu yasiyolingana. La tatu jirani atauliza limenunuliwa wapi. Basi anayetaka kufika kwenye la tatu na atafute kasha kuukuu mwezi huu, anunue tupa moja, aanze.