Sataranji Darasani: Somo la Malkia Aliyenaswa

Katika kufundisha, twapaswa kuanza na lile alijualo mwanafunzi. Mtoto wa Kawe amekwisha kuona bao likichezwa barazani, naye ajua kwamba mwenye mtaji hulazimika kula. Katika sataranji sharti hilo halipo: mchezaji huchagua ale au aache. Tofauti hiyo ndiyo tuifanyayo somo, kwa wanafunzi waliokwisha kujua mwendo wa kete.

Mfano tuupendekezao ni mchezo wa 11 wa kugombea ubingwa wa dunia, uliochezwa Reykjavik, Aisilandi, mwaka 1972. Boris Spassky alishika kete nyeupe. Bobby Fischer alimjibu kwa Ulinzi wa Kisisilia, na katika hatua ya 8 malkia wake akamla askari aliyeachwa wazi, ambaye wachezaji humwita "askari wa sumu".

Mwalimu asimamishe mchezo kabla ya hatua ya 14, aulize: "Mwenye nyeupe afanye nini?" Wengi watataka kushambulia. Awasikilize, na kila mmoja atoe sababu. Kisha aonyeshe: Spassky alimrudisha farasi mahali pake pa kuanzia. Tangu hapo njia za malkia zilizidi kuzibwa. Katika hatua ya 25 aliliwa na askari. Fischer alishindwa mchezo huo, ingawa ubingwa aliutwaa.

Jibu likitolewa mapema, darasa litakariri hatua tu. Likicheleweshwa, wanafunzi watajizoeza kupima faida ya sasa na hasara ijayo.